Saa Moja Kibandani na Mkwe

Walimu wenzangu, simba tulimwona. Alikuwa amelala chini ya kichaka, tumbo juu, akanyanyua sikio moja akalirudisha. Basi. Naomba msiniulize tena habari za simba, maana tangu nirudi kila mtu pale ofisini anataka simba, na mimi nina habari kubwa kuliko simba. Nina habari za mama yangu na mume wangu.

Masunga mume wangu mnamjua, mwenye pikapu ya kubebea mbegu na mbolea. Mama yangu wachache mnamfahamu. Tangu baba afariki anaishi peke yake Shishiyu, yeye na kuku wake na presha yake. Wakati wa kupalilia pamba alianguka uwanjani akifukuza mbuzi wa watu, akalala pale tangu asubuhi mpaka jirani alipopita kuomba chumvi saa tisa alasiri. Daktari akatuambia wazi: huyu mama asikae tena peke yake. Masunga hakusubiri kuambiwa. Akaongeza chumba nyumbani kwetu Somanda, akapiga bati, akamwaga sakafu ya saruji. Mama akakataa.

Ninyi mliotoka Bukoba na Mbeya niwaeleze. Kwetu Usukumani, kwa watu wa zamani, mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawali pamoja, hawasemeshani bila mtu wa katikati. Si ugomvi, ni heshima. Vijana wa siku hizi wameilegeza, lakini mama yangu ni wa zamani kamili. Miaka tisa ya ndoa yangu hajawahi kumwambia Masunga hata "pole".

"Nikalale nyumba moja na mkwe?" aliniambia. "Tupishane mlangoni na ndoo ya kuogea? Atanizoea, Kabula. Na mtu akishakuzoea, heshima imekwisha. Niache nife hapa na heshima yangu."

Nililia siku hiyo, nisiwafiche. Kila simu ikiita alfajiri moyo unanidunda, nadhani ni jirani wa Shishiyu.

Sasa mdogo wangu Maduhu, kitinda mimba wa mama, ni mwongozaji wa watalii kwenye kambi moja porini, mbele ya Mwanhuzi. Akatuita wiki ambayo kambi haikuwa na wageni, shule zimefungwa. Mama alikubali kwa sababu mbili: alitaka kuona mwanawe analala wapi, na anapenda ndege kupita kiasi, tangu alipokuwa akichunga ng'ombe utotoni. Mimi nilikubali kwa sababu moja, na sikumwambia mtu. Nilijisemea: gari moja, kambi moja, siku tatu. Watazoeana tu, wapende wasipende.

Somanda hadi Shishiyu

Tulitoka Somanda saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya mwezi wa sita inakata masikio. Shishiyu tulifika mapema, lakini hatukuondoka mapema. Mama alikuwa amevaa tangu alfajiri, amekaa kwenye kigoda na mkoba mapajani. Tatizo lilikuwa pikapu. Ina kiti kimoja cha mbele, cha watu watatu.

"Mimi nitakaa nyuma," mama akasema.

"Mayu, una presha. Nyuma kuna vumbi na mashimo."

"Basi mume wako akae nyuma."

"Sasa nani ataendesha?"

Alifikiri kwa makini kabisa, kama jambo linalowezekana. Mwishowe nikakaa katikati, mama akajifunika kitenge upande wa kulia wa kichwa chake, na Masunga akaendesha shingo imegeukia dirishani mwake. Nilimwambia, baba wee, angalia barabara. Akanijibu kwa kunong'ona kwamba anaiangalia, kwa jicho moja.

Mpaka Maswa mjini nilikuwa nimeshachoka kuwa redio. "Mwambie mume wako apunguze mwendo." "Mayu anasema upunguze." "Mwambie mayu nimepunguza." "Amepunguza, mayu." Na wote wanasikiana vizuri, mabega yao yananibana huku na huku! Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Lalago hadi Mwanhuzi

Tulipoipita Lalago tairi ya nyuma ikapasuka. Masunga akashuka kutafuta jeki, mama akashuka kwa upande mwingine na kuondoka zake moja kwa moja kuelekea mji mmoja, boma la watu, uliokuwa karibu na barabara, nami nikamfuata.

Pale uwanjani kulikuwa na pamba imeanikwa, nyeupe tele, na mama mmoja mnene akiichambua. Hatukuwa tunajuana. Mama yangu akapiga goti kidogo, "Mwangaluka!", na salamu zikaanza: za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za ukoo mpaka kwa babu. Walipomaliza tulikuwa ndugu. Tukaletewa maziwa ya mgando na michembe iliyochemshwa, yale mapande makavu ya viazi vitamu, na karanga za kuponda. Sijui kwa nini viazi vya ugenini vinakuwa vitamu kuliko vya nyumbani.

Mwenyeji akachungulia barabarani. "Na yule baba anayehangaika na gari? Aje ale." Kisha akamtazama mama, akaona kitenge kilivyokaa, akauliza neno moja tu: "Mkwe?"

"Mkwe," mama akajibu.

Hakuuliza la pili. Kibuyu kingine kikapelekwa nyuma ya ghala, mkeka ukatandikwa huko, na Masunga akaitwa apitie upande wa zizi. Dakika moja haikuisha. Mama akaniangalia kwa jicho la kusema: unaona? Watu wenye adabu zao.

Tulikaa saa mbili na nusu, maana jeki ilikuwa mbovu na ikabidi isubiriwe nyingine itoke Mwanhuzi kwa bodaboda. Mimi nilikuwa naumwa roho na muda. Mama alikuwa anachambua pamba ya watu na kucheka.

Mwanhuzi hadi kambini

Maduhu alitupokea mahali barabara inapoacha kuwa barabara. Gari la kambi likawa mbele, sisi nyuma, na kuanzia hapo nikasahau hata uchovu. Mbuni walivuka mbele yetu wanatupa miguu. Cherero, wale kasuku wadogo wa kijani, waliruka kundi zima toka mti hadi mti wakipiga kelele za watoto wa darasa la kwanza mwalimu akitoka. Mama alitoa kichwa chote nje ya dirisha, kitenge kikasahaulika begani. Masunga akaona, akageuza shingo yake zaidi, na tukaingia kwenye kichuguu.

Kambini, balaa. Meneja ni dada wa Kilimanjaro anaitwa Aika, mkarimu mno, ana tabasamu la kukufanya ujisikie tajiri. Akatuambia ametuandalia zawadi: hema la familia! Vyumba viwili, katikati turubai, choo kimoja. "Mtakaa pamoja kabisa," akasema, anafurahi.

Mama alikaa chini palepale mchangani. Masunga akarudi kwenye pikapu akafunga mlango.

"Kuna mtu anaumwa?" Aika akauliza.

Nikamweleza. Akanisikiliza, akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo wamegombana lini?" Nikamweleza tena. Akasema ameelewa, na kweli mama akapewa hema lake la peke yake, mlango wake unatazama bonde. Lakini dada yule aliendelea kuamini kuna ugomvi, akawa anapita kwa Masunga kumwambia, "Kaka, samehe tu."

Jioni tukaandaliwa meza moja ndefu. Masunga akachukua sahani yake kimya akaenda kulia nyuma ya tanki la maji. Mpishi, mzee Bakari wa Tanga, akaona mgeni amekimbia chakula chake. Heshima ya mpishi imeguswa! Akamfuata na sahani ya pili, wali wa nazi. Masunga, kwa adabu, akala. Bakari akaona bado hasemi kitu, akaleta samaki. Masunga akala. Ikaja mikate ya kumimina. Siku ya pili mume wangu hakuweza kufunga mkanda, na nilipomwambia awaeleze ukweli akasema, "Kabula, usiharibu mambo."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Siku mbili zimekwisha, na hao wawili wako mbali kuliko tulipotoka. Darubini ilikuwa moja. Mama akimaliza anaiweka juu ya boneti, anahesabu hatua tano nyuma, ndipo Masunga anakuja kuichukua. Ndege anakuwa amesharuka.

Kibandani

Asubuhi ya tatu Maduhu alitupeleka kwenye bwawa. Wamejenga hapo kibanda cha magogo cha kutazamia ndege: benchi moja, dirisha jembamba linalotazama maji, mlango mmoja nyuma. Tukapanga zamu. Mimi na mama na Maduhu kwanza, Masunga abaki garini, halafu tubadilishane.

Jamani, ndege! Kwezi wanameta kama wamepakwa mafuta. Kwale wanatembea ukingoni wanalalamika. Halafu wakaja firigogo, ndege wa rangi ya vumbi, kundi kwa kundi toka nyikani. Maduhu akatuonyesha madume wanavyoingia majini na kulowesha manyoya ya tumbo.

"Wanabeba maji, wanapelekea watoto," akasema.

"Najua," mama akasema. "Nilikuwa nawaona nikichunga. Nilisimulia nyumbani wakaniita mwongo." Alifurahi mpaka akanipiga paja.

Hapo ndipo nikakumbuka dawa yake ya presha. Iko garini, na saa yake imepita. Mama akakataa kuondoka, firigogo bado wanakuja. Porini hutembei peke yako, hivyo Maduhu akanisindikiza, kibandani mama akabaki salama na kufuli la mti mlangoni. Baridi ilikuwa kali na Maduhu alikuwa amejifunika shuka jekundu la kambi kuanzia kichwani.

Sasa sikilizeni kosa hili. Masunga garini aliona watu wawili wanatoka: mimi, na mtu aliyejifunika shuka kichwani. Mtu mwingine yeyote duniani angetazama mara ya pili, angeona mabuti ya Maduhu. Masunga akadhani ni mama mkwe, akashusha macho hapohapo kama alivyofunzwa. Akashukia mlango wa upande wa pili, akazunguka vichaka asitukute njiani, akaenda kibandani kuchukua zamu yake. Tulipofika garini hapakuwa na mtu. Tulipogeuka, tembo walikuwa wanatoka msituni.

Sita, na watoto wawili. Walisimama kati yetu na kibanda. Jike mmoja mkubwa akaenda mpaka kwenye kibanda chenyewe, akaanza kujikuna kwenye nguzo ya mlango.

"Shemeji yuko wapi?" Maduhu akauliza.

Nikachukua darubini. Kupitia pembeni mwa dirisha nikaona vitu viwili: kitenge cha mama, na mgongo wa mume wangu.

"Mayooo!" nikasema. "Maduhu, wako wawili!"

Sikuogopa tembo kwanza, Mungu anisamehe. Niliogopa aibu. Halafu nikaiona dawa mkononi mwangu, nikaogopa kweli. Maduhu akasema tukiwasha gari wale wenye watoto watachachamaa, tusubiri. Tulisubiri saa nzima. Nimezaa mara mbili, sijawahi kuona saa ndefu vile.

Yaliyotokea ndani niliyapata baadaye, nusu kwa mama, nusu kwa Masunga, na hawalingani kila mahali. Masunga alisukuma mlango, fimbo ya kufuli ikachomoka, akaingia akaona miguu ya mama. Akageuka kutoka, akakutana na tembo. Akarudi ndani. Hakuna pa kwenda, kibanda ni hatua tatu kwa mbili. Basi akaugeukia ukuta, pua kwenye magogo, mgongo kwa mama mkwe wake. Na upande wa pili wa magogo hayo alikuwa yule jike anajikuna. Masunga anasema aliona jicho lake kwenye ufa, na pumzi yake ilimpiga shingoni, ya moto, inanuka majani. Udongo ulikuwa unamdondokea kichwani kila tembo akijikuna. Hakugeuka.

Vumbi likamkaba, akakohoa. Mama hana mtu wa kumtuma. Akatazama dirishani, akamwona kwale ukingoni.

"Wewe kwale," akasema kwa sauti ya chini, "mwambie huyo mtu asikohoe, tembo atasikia."

Masunga akauambia ukuta, "Kwale, mwambie mayu nimesikia."

Kwale akaendelea kudonoa mambo yake. Baadaye mama akaanza kusikia kizunguzungu. Kwanza hakutaka kulalamika mbele ya mkwe. Benchi likaanza kucheza. Akasema, "Kwale, mwulize kama ana maji."

Masunga alikuwa na chupa. Kumpa mkononi haiwezekani, kumgeukia haiwezekani. Akarudi kinyumenyume mpaka goti likagusa benchi, akaweka chupa, akaivua kofia yake na kuisukuma chupa kwa kofia, polepole, mpaka alipoisikia imefika. Kisha akarudi kwenye ukuta wake na tembo wake. Mama akanywa, akajimwagia kidogo kifuani, akatulia.

Ndipo kwale akaruka akaenda zake. Mama anasema alihisi kufiwa. Hakuna mjumbe tena. Mwishowe mama akamgeukia tembo mwenyewe.

"Na wewe mama mkubwa," akamwambia, "nadhani nawe una wakwe zako. Umeshajikuna vya kutosha. Tuachie njia."

Masunga anaapa kwamba hapo ndipo alipotaka kufa, kwa kuzuia kicheko. Mabega yalikuwa yanamtetema. Mama alidhani anatetemeka kwa hofu, akamwonea huruma, akamwomba tembo kwa mara ya pili.

Tembo waliondoka wakati wao. Nilikimbia na dawa bila kumsubiri Maduhu, nikamkuta mama ameketi wima, na mume wangu bado pua ukutani, kichwa chote udongo.

"Wametoka?" aliuuliza ukuta.

Kurudi

Kabla ya kuondoka nilimfuata mama hemani kwake. Alikuwa amekaa mlangoni anatazama bonde. Nikampigia magoti, machozi yananitoka, nikamwambia ukweli wote: kwamba mimi ndiye niliyepanga safari hii ili wazoeane, na sasa nimemdhalilisha.

"Nani kakuambia umenidhalilisha?" akasema. "Wewe mtoto una haraka, hujui kuangalia. Ulitaka anizoee. Mimi nimeogopa hilohilo miaka yote. Sasa nimemwona. Mtu ambaye tembo anampumulia shingoni, hakuna shahidi, mkewe hayupo, na bado hajageuza kichwa. Huyo hatanizoea hata nikiishi naye miaka mia."

"Kwa hiyo utakuja Somanda?"

"Funga mkoba wako. Unaongea sana."

Aika alimuaga Masunga kwa kumshika mikono miwili, "Nimefurahi mmepatana," na Masunga akasema asante. Bakari alitupa mikate ya kumimina, imefungwa kwenye karatasi, ya Masunga peke yake.

Njiani mama hakutaja jambo hilo. Tukaipita Mwanhuzi. Tukaipita Lalago. Kitenge kimerudi mahali pake, nami katikati, na mara hii sikupeleka salamu hata moja, kila mtu alikuwa na mawazo yake. Nilikuwa nasali kimoyomoyo. Nikamwuliza mara moja tu, karibu na Maswa, akanionyesha tai juu ya nguzo ya umeme.

Tukaingia Shishiyu, uwanjani kwake. Masunga akaweka breki, mkono ukaenda kwenye ufunguo.

"Mwambie mume wako asizime gari," mama akasema.

Nikamgeukia. "Mayu?"

"Asizime. Nachukua kitanda changu na kuku. Na huko Somanda, chumba kile atoboe mlango wa nje, utazame upande wangu. Sipiti sebuleni kwa mtu."

Sikuhitaji kumwambia. Masunga alikuwa ameshashuka, amekimbilia nyuma ya nyumba ili mama apite kwa amani, na huko nyuma nikamsikia akilia kwa sauti, mwanaume mzima. Jirani akaja na wanawe kusaidia kubeba. Kuku mmoja akatupa taabu, tukamkimbiza mpaka kwenye mihogo. Mama alirudi ndani mara tatu: kigoda, chungu, picha ya baba. Ikapita saa, ikakaribia ya pili. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa, na pikapu ilikuwa bado inaunguruma pale uwanjani, mlango wazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kwenda kuizima.